Kikapu cha Kila Wiki: Walaji Wanapomlipa Mkulima Kabla ya Mavuno

Maandishi ya kipindi cha redio. Wasomaji wawili: Mtangazaji na Mshauri wa kilimo. Vikundi vya wasikilizaji vinaweza kuyasoma kwa sauti na kusimama penye maswali.

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia mboga na pesa. Tutaeleza namna ambayo mkulima mdogo anaweza kulipwa na walaji wake kabla hajavuna, na walaji nao wakapata kikapu cha mboga kila wiki bila kwenda sokoni. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita kilimo kinachotegemezwa na jamii. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe ni rahisi. Niko na mshauri wetu wa kilimo. Shikamoo mzee.

MSHAURI: Marahaba dada. Nawasalimu wasikilizaji wote.

MTANGAZAJI: Mzee, kwa nini jambo hili leo?

MSHAURI: Kwa sababu mgao wa chakula umepungua, na kila mama anajua hivyo kabla ya kusikia redioni. Hapa Uganda, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020. Februari 2021 ukashuka mpaka asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kulingana na hali zao. Wenye shida zaidi wakapewa asilimia 60, wengine 30, na wengine hawakupewa chochote. Kinachokatwa kwanza katika sahani ni mboga, maana mboga haimo katika mgao. Mtu alikuwa akiuza unga kidogo ili anunue nyanya na dodo. Sasa unga wenyewe hautoshi.

MTANGAZAJI: Na mkulima wa mboga naye ana shida yake.

MSHAURI: Ndiyo. Na shida hizo mbili zinaweza kusaidiana. Twende kwanza Maliba tuone.

(Muziki mfupi.)

1. MALIBA, MBOGA NA SOKO

MSHAURI: Maliba ni kata katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Juu kabisa kuna theluji. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Chini, upande wa mji wa Kasese, ni tambarare yenye joto na mvua chache. Maliba iko katikati, kwenye miteremko, ambako maji ya mlima yanapita na hewa ni ya wastani. Mvua huja misimu miwili, ule wa Machi mpaka Mei, na ule wa Agosti au Septemba mpaka Novemba. Kwa hiyo mkulima anaweza kulima kabichi, vitunguu, nyanya, karoti, sukuma na mchicha, ule ambao Uganda wanauita dodo na Congo wanauita lengalenga.

MTANGAZAJI: Wenyeji wa huko ni Wakonzo. Msikilizaji aliyetoka Beni, Butembo au Lubero akifika Maliba ataelewana nao, kwa sababu Kikonzo na Kinande ni karibu lugha moja.

MSHAURI: Ni kweli, na soko nalo ni moja. Ukitoka Kasese kwenda Bwera unafika mpakani Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Congo. Mboga, samaki, maharagwe na vitenge vinavuka huku na huku. Mpaka ukiwa wazi, mchuuzi ana wateja wa nchi mbili.

MTANGAZAJI: Na ukifungwa?

MSHAURI: Hapo ndipo mkulima anaumia. Juni 2019 wagonjwa wa Ebola walithibitishwa upande wa Bwera, na ukaguzi mpakani ukaongezeka. Machi 2020 Uganda ikafunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita kwa masharti, lakini mama anayevuka kwa miguu na beseni la nyanya kichwani alizuiwa. Mei 2020 mito ya Kasese ikafurika, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, ikabeba nyumba, madaraja na mashamba. Nyanya haingoji mpaka ufunguliwe. Ikiiva, una siku chache tu.

MTANGAZAJI: Lakini hata mwaka usio na mafuriko wala ugonjwa, mkulima mdogo hulalamika.

MSHAURI: Kwa sababu ya bei. Mvua inapoanza, wote wanapanda kabichi pamoja. Baada ya miezi 3 wote wanavuna pamoja. Soko linajaa kabichi na bei inaanguka. Mchuuzi anakuja na gari, anataja bei yake, na mkulima anakubali kwa sababu hana pa kuhifadhi. Tena wengi wameshakopa. Mbegu, samadi, dawa na vibarua vinalipwa mwanzo wa msimu, lakini pesa ya kuuza inaingia mwisho. Katikati kuna deni, na mwenye deni hawezi kusubiri bei nzuri.

2. FIKRA YENYEWE

MTANGAZAJI: Basi tueleze, mzee. Kilimo hiki cha jamii kinabadilisha nini?

MSHAURI: Kinabadilisha mambo mawili. La kwanza ni wakati wa kulipa. Walaji wanatoa sehemu ya pesa mwanzo wa msimu, wakati mkulima anaihitaji. La pili ni nani anabeba hasara. Katika soko, mvua ya mawe ikipiga nyanya, hasara yote ni ya mkulima. Katika mpango huu, walaji na mkulima wanagawana. Mavuno yakiwa mengi, kikapu cha kila mmoja kinajaa zaidi. Yakiwa machache, kikapu kinapungua kwa wote sawasawa.

MTANGAZAJI: Msikilizaji kutoka Congo atasema, "Hiyo ni likelemba ya mboga."

MSHAURI: Inafanana. Katika likelemba kila mtu anatoa na kila mtu anapokea kwa zamu yake. Hapa wote wanatoa pamoja, wanampa mkulima mmoja, kisha wote wanapokea kila wiki. Tofauti kubwa ni moja. Katika likelemba kiasi unachopokea kinajulikana. Katika kilimo hiki hakijulikani kabisa, kwa sababu mvua na wadudu hawasaini mkataba. Asiyekubali hilo, ni afadhali anunue sokoni.

MTANGAZAJI: Mpango huu ulianzia wapi?

MSHAURI: Ulianza sehemu kadhaa. Japani, miaka ya 1970, akina mama walioogopa sumu za mashambani katika chakula cha watoto wao walifanya makubaliano ya moja kwa moja na wakulima. Wao wanauita teikei. Mwaka 1978 kikundi cha watu karibu na Geneva, Uswisi, kikaanzisha bustani ya namna hiyo. Mwaka 1986 ukaanza katika mashamba mawili ya Marekani, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Ufaransa ulifika mwaka 2001, na sasa vikundi ni vingi huko. Hapa Uganda pia kuna wakulima wa mboga karibu na Kampala, katika mpango unaoitwa FreshVeggies, ambao wanakaguana bustani wao kwa wao na kupeleka mboga zao kwa walaji wa mjini.

MTANGAZAJI: Na Kasese?

MSHAURI: Kasese wana kitu cha thamani zaidi, nacho ni mazoea ya kuaminiana katika vikundi. Huko Kyarumba kuna ushirika wa wakulima wa kahawa, Bukonzo Joint. Wanachama wake wanajulikana kwa njia ya kupanga mambo kwa michoro. Mume na mke wanachora walipo, wanapotaka kufika na vikwazo vya njiani. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na aliyesoma. Njia hiyo inafaa sana kwa mpango wa mboga. Makubaliano yakichorwa ukutani kwa picha ya kikapu, pesa na miezi, hakuna atakayesema hakuelewa.

(Muziki mfupi.)

3. HESABU YA MKULIMA MMOJA

MTANGAZAJI: Sasa tufanye hesabu. Wasikilizaji, chukueni kalamu, au mtumie punje za maharagwe. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei za mahali penu.

MSHAURI: Tuchukue mkulima wa Maliba mwenye robo eka, karibu mita za mraba 1,000. Anatafuta nyumba 15. Asianze na 50. Wateja wazuri wa kwanza ni watu wenye kipato cha kila mwezi au kila siku, kama mwalimu, muuguzi, mwenye boda boda au mwenye duka. Kikapu kimoja cha wiki tukiweke shilingi 5,000. Vikapu viko 12, wiki 12. Kila nyumba italipa jumla ya 60,000.

MTANGAZAJI: Hailipi yote mwanzo?

MSHAURI: Hapana, wengi hawawezi. Mwanzo inalipa 12,000. Halafu kila wiki inapochukua kikapu inalipa 4,000. Mara 12 ni 48,000. Ukijumlisha na zile 12,000 unapata 60,000.

MTANGAZAJI: Kwa nyumba 15, pesa ya mwanzo ni 180,000. Na kila wiki zinaingia 60,000.

MSHAURI: Ndiyo. Msimu wote ni 900,000. Sasa, zile 180,000 mkulima asipewe zote siku moja. Weka 30,000 pembeni, ziwe za kupanda upya kama miche itaharibika. Zilizobaki 150,000 zigawanye mara tatu. Anapewa 50,000 za mbegu na kitalu, 50,000 wakati wa kupandikiza na kuweka samadi, na 50,000 wakati wa palizi ya kwanza. Kabla ya kila awamu, watu watatu wa kikundi wanakwenda shambani kuangalia. Kama kitalu hakipo, awamu ya pili haitoki.

MTANGAZAJI: Pesa inakaa wapi?

MSHAURI: Kama kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku la kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu wa nyumba tofauti. Mwenye sanduku asiwe na ufunguo. Na mkulima asiwe mweka hazina.

MTANGAZAJI: Mzee, pale kambini kuna ambaye hana hata hizo 12,000.

MSHAURI: Anaweza kulipa kwa kazi. Mkubaliane kwamba siku moja ya kulima au palizi ni 4,000. Siku 3 za mwanzo zinatosha malipo ya mwanzo. Baadaye siku moja kwa wiki inalipa kikapu. Lakini wekeni kikomo. Kama nyumba 3 kati ya 15 zinalipa kwa kazi, pesa ya mwanzo inakuwa 144,000 badala ya 180,000, na mkulima anapata siku 9 za kazi ambazo angewalipa vibarua. Hilo linabebeka. Nyumba 10 zikilipa kwa kazi, mkulima atakuwa na watu wengi shambani na hana pesa ya mbegu.

4. KAZI YA SHAMBANI

MTANGAZAJI: Mkulima aliyezoea kuuza kabichi zote siku moja, sasa anadaiwa kikapu kila wiki. Kazi yake inabadilikaje?

MSHAURI: Inabadilika sana. Sokoni anataka vyote viive pamoja. Kwenye kikapu anataka viive kwa zamu. Kwa hiyo lazima apange kwa kurudi nyuma. Anajiuliza kikapu cha wiki ya kwanza kitakuwa na nini, na kila kimoja kinachukua siku ngapi.

Mchicha ni mwepesi, wiki 3 au 4 unakata. Huo unapandwa kidogo kidogo kila baada ya wiki 2. Sukuma inakaa kitaluni kama wiki 4, kisha baada ya kupandikizwa inachukua wiki 6 mpaka 8 kuanza kuchumwa. Lakini ikianza, inatoa majani kwa miezi. Nyanya inakaa kitaluni wiki 3 au 4, kisha miezi 2 mpaka 3. Kabichi na karoti ni kama miezi 3. Vitunguu ni vya muda mrefu zaidi, ila vikikaushwa vizuri vinahifadhika, ukavigawa kidogo kila wiki.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo kikapu cha kwanza hakiwezi kutoka mapema.

MSHAURI: Hakiwezi kujaa kabla ya wiki ya 10 hivi tangu mbegu kuingia kitaluni. Waelezeni walaji hivyo siku ya kwanza kabisa. Wengi huvunjika moyo wiki ya 5, wakidhani wameibiwa, kumbe sukuma bado ni miche. Ndiyo maana wanapaswa kutembelea shamba.

MTANGAZAJI: Na anajuaje apande miche mingapi?

MSHAURI: Kwa hesabu. Tuseme kila kikapu kina fungu moja la sukuma la majani 20. Vikapu 15 ni majani 300 kwa wiki. Mche mmoja mzuri, ukiuchuma bila kuuchosha, unatoa kama majani 2 kwa wiki. Basi unahitaji miche 150. Ongeza 30 ya akiba kwa ajili ya viwavi na kuku wa jirani, iwe 180. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, miche 180 inahitaji mita za mraba kama 49 tu. Robo eka inabaki na nafasi kubwa kwa mengine.

Nyanya vilevile. Ukitaka kilo 1 kwa kila kikapu kwa wiki 5, ni kilo 75. Mche wa mkulima mdogo tuukadirie kilo 2. Ni miche 38. Panda 50, kwa sababu nyanya huugua ukungu wakati wa mvua nyingi.

MTANGAZAJI: Kwenye miteremko kama ya Maliba, udongo hausombwi?

MSHAURI: Unasombwa, na samadi yako inakwenda nao. Tengeneza matuta yanayokata mteremko, yasishuke nao. Panda majani ya mifugo kwenye kingo, na uweke matandazo ya nyasi juu ya udongo. Pembeni ya mto acha ukanda bila kulima. Mto ukifurika, shamba lililolimwa mpaka ukingoni ndilo linaloondoka kwanza.

5. HASARA NA UZEMBE

MTANGAZAJI: Mzee, tufike kwenye jambo gumu. Mnasema walaji wanagawana hasara. Je, mkulima mvivu naye atasema, "Samahani, ni hasara"?

MSHAURI: Hilo ndilo swali linalovunja vikundi. Lazima lijibiwe kabla ya pesa kutolewa. Kuna hasara ya Mungu na kuna uzembe. Mafuriko, mvua ya mawe, ukame, ugonjwa uliopiga mashamba yote ya jirani, hiyo ni hasara ya wote. Palizi kutofanywa, miche kukosa maji na mto uko karibu, mbuzi kuingia kwa sababu uzio haukuzibwa, huo ni uzembe, na mkulima anafidia. Wale watatu wanaotembelea shamba kila wiki 2 ndio wanaoamua. Wanaangalia na mashamba ya jirani. Kama nyanya za majirani zimesimama na za kwetu zimekufa, wanauliza maswali.

MTANGAZAJI: Na upande wa walaji?

MSHAURI: Nao wana uzembe wao. Kuna anayelipa 12,000, kisha wiki ya 4 nyanya zinashuka bei sokoni, anaacha kuchukua kikapu chake kwa sababu sokoni ni rahisi. Amesahau kwamba wiki ya 9 sokoni itakuwa ghali na yeye kikapu chake kingebaki bei ileile. Anayeacha katikati, malipo yake ya mwanzo yabaki, isipokuwa ameleta nyumba nyingine ichukue nafasi yake.

MTANGAZAJI: Hilo ni muhimu kwetu wakimbizi. Watu wanahama. Mmoja anapata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, mwingine anahamishiwa makazi mengine, mwingine anarudi nyumbani.

MSHAURI: Kwa hiyo andikeni tangu mwanzo: anayehama anakabidhi kikapu chake kwa jirani, na jirani anamrudishia ile pesa ya mwanzo kwa kadiri ya wiki zilizobaki. Na mkulima akihama? Kila shamba liwe na mkulima msaidizi anayejua kalenda yote. Na msimu usiwe mrefu. Wiki 12, mnafunga hesabu, mnaanza upya.

Kanuni moja zaidi. Mkulima asiuze sokoni wakati vikapu havijajaa. Vikapu kwanza, soko baadaye. Akivunja hiyo mara moja, watu watasikia, na imani haitarudi.

(Muziki mfupi.)

6. NDANI YA KAMBI

MTANGAZAJI: Maliba wana milima na mito. Msikilizaji wetu ana kiwanja kidogo. Afanyeje?

MSHAURI: Inategemea nchi. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kiwanja cha kutumia. Si chake cha kuuza. Familia nyingi zilizofika miaka ya karibuni zimepata mita 30 kwa 30 au chini ya hapo. Mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, na humo kuna nyumba, choo na jiko. Ukibakiwa na 200 za bustani, bado unaweza kulisha nyumba 4 au 5 sukuma na mchicha.

Wengine hukodi shamba kwa wenyeji. Ukikodi, andikiana mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC1 na viongozi wa wakimbizi, mtaje mipaka, bei na mwezi wa kuisha. Wapo waliolima, mboga zikakaribia kuiva, mwenye shamba akabadilisha maneno. Na dawa nyingine dhidi ya ugomvi huo ni kumwingiza mwenyeji kwenye kikundi. Anayekula kutoka kikapu kilekile hana haraka ya kukufukuza.

MTANGAZAJI: Na walioko Kakuma, Dadaab au Nyarugusu?

MSHAURI: Huko sheria za kulima na kutoka nje ya kambi ni tofauti. Ulizeni viongozi wenu kabla ya kuanza. Lakini bustani ya gunia inaingia hata mlangoni. Chukua gunia, simamisha katikati kopo lisilo na kitako, lijaze mawe madogo. Pembeni yake jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva. Vuta kopo juu kidogo kidogo unapojaza, mpaka gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe ya kupitishia maji. Toboa matundu ubavuni kwa mistari, panda miche 30 mpaka 40, ubavuni na juu. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai.

MTANGAZAJI: Hata magunia yanaweza kuingia mpango wa vikapu?

MSHAURI: Ndiyo, kwa njia nyingine kidogo. Mama mmoja mwenye mkono mzuri anatunza kitalu. Nyumba 10 zinamlipa mwanzo kidogo kidogo anunue mbegu. Yeye anawapa miche iliyo tayari, anapita kila wiki kuangalia magunia yao, na mwenye gunia linalostawi anabadilishana na mwenzake: wewe una sukuma, mimi nina vitunguu vya majani. Kinachonunuliwa hapo ni ujuzi wake.

MTANGAZAJI: Tumalizie na afya, mzee.

MSHAURI: Mambo matatu. Samadi iive miezi 2 mpaka 3 kabla ya kuitumia, na kinyesi kibichi cha binadamu kisiguse bustani. Wakati wa kipindupindu osheni mboga kwa maji safi na mzipike. Ya tatu ni dawa za wadudu. Kila chupa imeandikwa siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna. Kama ni siku 7, ngoja 7. Soko halimjui aliyekula nyanya yako. Kwenye mpango huu unamjua, na watoto wake unawajua. Ukiweza kutumia jivu, maji ya pilipili na kuchuma viwavi kwa mkono, fanya hivyo kwanza.

MTANGAZAJI: Na tahadhari moja kutoka kwetu. Jina zuri huvuta na matapeli. Mtu akija kuandikisha majina na kuchukua pesa za vikapu, mwulizeni shamba liko wapi. Nendeni mlione kwa macho. Kama hakuna shamba, hakuna kitalu, hakuna sanduku la kufuli tatu, msitoe hata shilingi mia.

MSHAURI: Umesema vyema, dada.

MTANGAZAJI: Kwa ufupi, wasikilizaji. Mkulima mdogo anaumia kwa sababu analipa mwanzo na kulipwa mwisho, na hasara yote ni yake. Walaji wakitoa sehemu mwanzo, anaepuka deni. Wakikubali kugawana hasara, anaweza kupanda msimu ujao. Nao wanapata mboga kila wiki kwa bei isiyoruka. Anzeni na watu wachache, muda uwe mfupi, hesabu ziwe wazi, na shamba litembelewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwenye mtaa wenu, nani analima vizuri na watu wanamwamini? Kwa nini wanamwamini?

2. Nyumba ngapi zinaweza kutoa malipo ya mwanzo? Ngapi zingelipa kwa kazi? Kikomo chenu kiwe ngapi?

3. Taja hasara tatu ambazo kikundi kitabeba pamoja, na uzembe wa aina tatu ambao mkulima atafidia.

4. Mmoja wenu akihama wiki ya 6, mtafanyaje?

5. Fanyeni upya hesabu ya sukuma kwa nyumba 8 na majani 15 kwa kila kikapu. Miche mingapi inatosha, pamoja na ya akiba?

MTANGAZAJI: Majibu ya swali la 5 tutayasoma kipindi kijacho, kwa hiyo yahifadhini.

MSHAURI: Nawatakia mvua nzuri.

MTANGAZAJI: Mpaka wakati mwingine, kaeni salama.

(Muziki wa kufunga.)